Uliza Ujibiwe: Mbona hirizi za Misri ya kale zina vichwa vya wanyama?

Swali: Mhariri salaam. Naona picha za vile vihirizi vya Misri ya kale, mtu mwili wa binadamu kichwa cha mbwa, mwingine cha ndege. Hivi wale watu na akili zao zote za kujenga piramidi waliamini kweli mungu yuko hivyo? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Kaka, kile kichwa ni alama ya kazi, sio picha ya paspoti. Mchukue Thoth, mungu wa maandishi na hesabu: kuna hirizi anaonekana ndege kwarara mzima, kuna nyingine ni nyani amekaa, na nyingine ni mtu mwenye kichwa cha kwarara, na wote ni yeye yule yule. Sasa angekuwa na sura moja tu wangechonga zote hizo za nini? Anubis, mungu wa wafu, naye kapewa kichwa cha bweha, na wataalamu wengi wanasema ni kwa sababu bweha walikuwa wanazurura pembezoni mwa makaburi, kwahiyo Wamisri wakaona bora huyo huyo anayefukua ndo apewe ulinzi. Ujanja huo naupenda sana. Halafu kichekesho, mwaka 2015 wanasayansi wakaja na matokeo ya vinasaba kwamba yule bweha wa Misri yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya kuliko bweha wengine wa hapa kwetu Afrika.

Swali: Mimi ni mjamzito, nimesoma kwamba wajawazito wa Misri walikuwa wanavaa kiboko shingoni. Jamani kiboko?! Si wangevaa hata paka. (Mama kijacho, Mombasa)

Jibu: Hongera dada! Paka alikuwepo, Bastet, mji wake ni Bubastis kule kwenye delta ya Nile, ila kwenye uzazi huyo kiboko ndo alikuwa na kazi kubwa, anaitwa Taweret. Na wala sio kiboko mtupu, ana tumbo la mimba na maziwa yaliyolala kama ya mama aliyenyonyesha, miguu ya simba, mgongoni ana mkia wa mamba, anasimama wima. Yaani wamekusanya wanyama watatu wanaoua watu mtoni na porini wakawaweka upande wa mama. Kiboko jike mwenye mtoto hasogelewi, waliokulia kando ya mto wanalijua hilo, na ndo ukali waliokuwa wanautaka karibu na mzazi enzi ambazo kujifungua kulikuwa kunaua wengi. Kinachonivutia zaidi ni habari ya Amarna. Farao Akhenaten miaka ya 1350 hivi kabla ya Kristo aliipiga chini miungu mingine akataka Aten peke yake, jua, lakini wachimbuaji walipofika kwenye nyumba za watu wa kawaida kwenye mji wake huo huo wa Amarna wakakuta hirizi za Taweret na za Bes, yule kibeti mwenye sura ya simba, na kalibu za kuzitengenezea pia! Amri ya mfalme iliishia mlangoni, ndani mama mjamzito ana mambo yake.

Swali: Zile za rangi ya bluu-kijani ni jiwe gani? (Fundi vito, Arusha)

Jibu: Nyingi sio jiwe fundi, ni fayensi. Unasaga mchanga wa kwatzi, unachanganya na chokaa kidogo na magadi au majivu ya mimea, unatia shaba ndo inaleta ile rangi, unakandamiza kwenye kalibu ya udongo halafu unachoma, inatoka inang'aa yenyewe. Bei rahisi, kwahiyo hata maskini alipata. Wenye nazo walitumia akiki, dhahabu, na lapis lazuli, jiwe la bluu lililotoka mbali huko Afghanistan. Shingoni kwa Farao Tutankhamun, mwili wake ulipofunguliwa 1925, alikutwa Anubis na Thoth wa jiwe la kijani pamoja na Horus, mungu mwenye kichwa cha kipanga, wa lapis lazuli.

Swali: Muuzaji hapa Khan el-Khalili kaniuzia Anubis anasema original, katoka kaburini. Nirudi nae nyumbani? (Mwanafunzi, Cairo)

Jibu: Mdogo wangu, omba Mungu awe amekudanganya. Misri ina sheria namba 117 ya mwaka 1983, inakataza kuuza na kutoa nje vitu vya kale, zamani kulikuwa na maduka yenye leseni lakini hiyo biashara ilifungwa. Kwahiyo akiwa wa kweli una kesi, akiwa feki una zawadi nzuri ya kumpelekea mama. Kwa bei ya sokoni pale mimi naamini ni feki, ila usibebe kwa kuamini mimi, mwonyeshe kwanza mtu wa mambo ya kale hapo hapo Cairo, na risiti usiitupe.