Nimetoka kwenye mwavuli wa miamala nikaingia kampuni ya teknolojia, na sijasomea kompyuta

Wadogo zangu wananiuliza sana "dada ulisomea wapi IT?" Sijasomea. Miaka sita nlikua wakala wa M-Pesa na Tigo Pesa pale Mbagala Rangi Tatu, mwavuli, kiti cha plastiki, simu mbili za kitochi na daftari. Saa hizi nipo kampuni inayotengeneza programu ya malipo, nlianzia huduma kwa wateja, sasa nipo timu inayoijaribu programu kabla watu hawajaanza kuitumia.

Mwanzo nlikosea CV. Nliandika "wakala, 2014 hadi 2020" basi, nikatuma sehemu kumi na moja, kimya. Kaka mmoja mteja wangu akaniambia hebu andika unachofanya kutwa nzima. Nikaandika: kila jioni nalinganisha floti, yani hela iliyo kwenye simu, na keshi, ikipungua hata mia naitafuta mpaka niione, namtuliza mtu aliyekosea namba, namzuia mama wa watu asitume hela kisa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Yani hivyo hivyo ndo wanavyovitafuta, wao wana majina yao tu, usuluhishi wa hesabu, kuzuia utapeli.

Kwenye usaili wakaniuliza, mteja katuma laki mbili namba siyo, unafanyaje? Nikasema kwanza haondoki hapo, nasoma nae meseji, tunachukua namba ya muamala na kupiga huduma kwa wateja dakika ileile, maana aliyepokea akishatoa hela kuirudisha ni kazi kwelikweli. Nikaongeza kwamba jina la mpokeaji linatokea kabla hela haijaenda ila watu hawalisomi, kidole kishazoea kubonyeza. Dada mmoja kati ya walionisaili akaacha kuandika, akasema rudia hapo.

Sasa usiende mikono mitupu. Mimi nlijifunza Excel usiku kwa video za YouTube miezi mitatu, nikitumia hesabu za daftari langu mwenyewe, ndo maana iliniingia haraka, SQL, lugha ya kutafutia taarifa kwenye kanzidata, nimeikuta kazini. Kingereza cha kwenye vikao kilinisumbua, nikawa naandika nnachotaka kusema kabla.

Na hela jamani, mshahara wa kwanza ulikua chini ya kamisheni ya mwezi mzuri, kwa hiyo weka akiba ya kodi ya nyumba kabisa. Mwavuli sikuufunga, nlimwachia mdogo wangu na floti yake, nikajipa miezi sita ya kujaribu.