Je, Tununue Learjet ya Mwaka 1981?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili tunafanya biashara ya vifaa vya migodi hapa Dar es Salaam, na karibu kila mwezi mmoja wetu hulazimika kwenda Nairobi, Lubumbashi au Johannesburg, na mara chache Dubai. Dalali mmoja anatuuzia ndege ya jeti aina ya Learjet 35A iliyoundwa mwaka 1981, kwa bei isiyozidi ya nyumba nzuri ya Masaki. Mwenzetu mmoja anasema siku tusizosafiri tutaikodisha ili ijilipie gharama zake. Mwingine anasema ndege yenye umri mkubwa kuliko rubani wake haifai kupandwa. Tupimie faida na hasara zake.
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hofu ya mwenzenu wa pili, kwa kuwa ina haki ya kujibiwa kwa makini. Umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Kuna miaka, kuna saa ilizoruka, na kuna idadi ya safari, maana kila inapopanda juu bodi lake hujazwa hewa na kutanuka kidogo, na inaposhuka hunywea, hivyo bati lake huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Mwaka 1988 ndege ya abiria ya Aloha Airlines, Boeing 737 iliyokuwa na umri wa miaka 19 tu, ilibanduka sehemu kubwa ya paa lake ikiwa angani huko Hawaii, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ndege hiyo ilikuwa imeruka safari zaidi ya 89,000, nyingi zikiwa fupi, katika visiwa vyenye hewa ya chumvi. Learjet ya watu binafsi kwa kawaida haifikii hata sehemu ndogo ya idadi hiyo. Hata hivyo, chumvi ya Dar es Salaam ni ileile, na ndege inayolala nje karibu na bahari huliwa na kutu hata isiporuka kabisa.

Kwa upande wa faida, dalali wenu hakuwaletea takataka. Zaidi ya Learjet 700 za aina ya 35 na ya 36 ziliundwa, na hadi leo baadhi yake hubeba wagonjwa mahututi katika nchi mbalimbali. Injini zake mbili za TFE731, zilizobuniwa na Garrett na sasa kusimamiwa na Honeywell, zilifungwa pia katika ndege nyingi za Hawker na Falcon, kwa hiyo mafundi wanaozijua wapo. Hupanda hadi futi 45,000, juu ya mawingu mengi ya mvua, na kwa mwendo wa karibu kilomita 800 kwa saa mtafika Johannesburg kwa saa tatu hivi. Dubai ni habari nyingine: ni karibu kilomita 4,000, na mkitaka kubaki na akiba ya mafuta ya kutosha mtalazimika kutua njiani.

Sasa gharama, ambako ndiko wanunuzi wengi huumia. Bei ya kununua imeshuka kwa sababu ndege imezeeka, lakini bei ya kuitunza haikushuka pamoja nayo. Ukaguzi mkubwa wa miaka 12 huja kwa kalenda, ndege iwe imeruka sana au imelala. Injini nazo zina hesabu zao za saa, na ile ya kufungua kiini cha injini inaweza kuwagharimu fedha za kutisha mkilinganisha na bei mliyotajiwa. Waulizeni wauzaji kama injini zimo katika mpango wa kulipia matengenezo kwa kila saa ya kuruka. Kama zimo, na malipo hayana deni, hilo peke yake linaweza kuwa na thamani kuliko rangi mpya na viti vya ngozi. Mafuta nayo ni takriban lita 700 kwa saa. Spea bado zinapatikana, ingawa kiwanda kilikabidhi Learjet yake ya mwisho mwaka 2022, na nyingine hutoka katika ndege zilizochinjwa, kama wasemavyo mafundi.

Hapo ndipo daftari za ndege zinapokuwa muhimu kuliko ndege yenyewe. Nilipokuwa fundi niliwahi kuona jeti iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa ikikaa karakanani miezi saba, kwa kuwa kifaa kimoja cha miguu yake hakikuwa na karatasi ya kuonyesha kilikotoka. Kifaa kilikuwa kizima, lakini bila karatasi hiyo hakikuruhusiwa kuruka, ikabidi kinunuliwe kingine. Mpelekeeni mkaguzi asiyelipwa na dalali, naye asome kila ukurasa tangu 1981.

Mwambieni pia aangalie kwa namna ya pekee mfumo wa hewa ya ndani, mpira wa mlango na mitungi ya oksijeni. Oktoba 1999, Learjet 35 iliyombeba mcheza gofu Payne Stewart ilipoteza hewa ya ndani, marubani hawakupata oksijeni kwa wakati, na ndege ikaendelea kuruka yenyewe kwa saa kadhaa hadi ilipoanguka Dakota Kusini, nchini Marekani. Wote sita waliokuwamo walifariki.

Swali jingine la lazima ni kama ndege ina kibali cha kuruka kati ya futi 29,000 na 41,000, ambako tangu mwaka 2008 ndege katika Afrika hupishana kwa futi 1,000 tu na vipimo vya mwinuko vinatakiwa kuwa sahihi mno. Isipokuwa nacho mtaruka chini ya hapo, na jeti inayoruka chini hunywa mafuta kupita kiasi. Nairobi, msitegemee kuruka kutoka Wilson mkiwa na matangi yaliyojaa: uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na njia ya kurukia ni ya kama mita 1,500, urefu ambao Learjet iliyojaa huuhitaji hata Dar es Salaam. Tumieni Jomo Kenyatta.

Kuhusu kuikodisha, nasema wazi kwamba msianze. Kubeba watu kwa malipo kunahitaji cheti cha mwendeshaji kutoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na bima ya ndege binafsi haiwezi kuwalinda mkikiuka hilo.

Kwa safari moja kwa mwezi, mimi nisingeinunua. Ningekodi jeti kwa safari za Johannesburg, na kama kweli mna haja ya kutua kwenye viwanja vya changarawe karibu na migodi, ningetafuta ndege ya pangaboi kama Pilatus PC-12, ambayo hutumia mafuta kidogo kuliko jeti na hutua mahali ambapo Learjet haithubutu. Mkifikia safari mbili au tatu kwa wiki, niandikieni tena mkiwa na ripoti ya mkaguzi mkononi.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Learjet za zamani zimepigwa marufuku Marekani?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ni baadhi yake, na sababu ni kelele. Kwa sheria ya mwaka 2012, tangu mwanzo wa 2016 jeti ndogo zisizotimiza kiwango cha tatu cha kelele haziruhusiwi kuruka katika majimbo 48 yanayopakana. Learjet 35 hupita bila shida. Zilizoguswa ni kama Learjet 24 na 25, zenye injini za zamani zinazopiga kelele na kula mafuta mengi, isipokuwa zile zilizofungwa vifaa vya kupunguza sauti. Ukitangaziwa mojawapo kwa bei ya chini mno, muulize muuzaji kwanza kama vifaa hivyo vimo.