Wadogo zangu, acheni hiyo 777

Juzi tovuti ya mteja iligoma kupokea picha. Kijana wetu mpya, kabla hata hajasoma logi (kumbukumbu za makosa), vidole vikaandika chmod -R 777, yaani kila mtumiaji wa seva aruhusiwe kusoma, kuandika na kuendesha kila faili ndani ya folda ile. Picha zikapanda. Akanigeukia anatabasamu. Mdogo wangu, tabasamu hilo nalijua, liliwahi kuwa langu.

1. Kabla ya kugusa ruhusa, uliza faili ni ya nani. Mara nyingi dawa ni chown, yaani kumbadili mwenye faili, kwa www-data, mtumiaji anayeendesha tovuti.

2. Faili 644 (mwenyewe anaandika, wengine wanasoma tu), folda 755 (wengine wanaingia na kusoma tu), .env inayobeba nywila 640 au 600 (isisomwe na kila mtu). Basi.

3. Skripti ya kroni (kazi ya ratiba) inayoendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Hapa nikae kidogo.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Niliandika backup.sh, inakili hifadhidata kila saa nane usiku. Mwenzangu akataka awe anaihariri, nami kwa uvivu wa kuunda kundi nikaipiga 777. Miezi ikapita. Mtu akaingia kupitia fomu ya kupakia picha, akajikuta ni www-data, mtumiaji asiye na ubavu wowote. Hakuvunja kitu. Aliongeza mstari mmoja mwishoni mwa skripti yangu, akasubiri saa nane. Root mwenyewe akamfungulia mlango.

Asubuhi prosesa iko asilimia 100, seva yetu inamchimbia mtu sarafu za kidijitali. Nikafungua skripti: mistari kumi na mmoja yangu, wa kumi na mbili siujui. ls -l, amri ya kuorodhesha faili, ikanionyesha -rwxrwxrwx, ndiyo 777 yenyewe, na jina langu pembeni. Bosi akauliza nani katoa ruhusa hii. Nikajibu, "Tunachunguza." Nachunguza nini, na historia ya amri nilizoandika kwenye bash inanitazama? Jioni nikakiri. Seva tuliifuta yote tukajenga upya, maana mtu akishakuwa root huwezi kuiamini tena hata ls yenyewe. Nakala za akiba nazo tukazitilia shaka, si zilitengenezwa na skripti ileile?

4. SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ikikataa ufunguo wako wa siri kwamba uko wazi mno, haikuonei. Weka 600, uusome wewe tu. Yupo aliyeupa 777 "upite vizuri". Bado tunamtania.

5. Usiiguse / (mzizi wa mfumo mzima) kwa chmod -R 777. Sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root, inapoteza setuid yake, alama inayoiwezesha kufanya hivyo, halafu utaomba msaada kwa nani?

Yule kijana nilimketisha, tukapiga find /opt -type f -perm -o+w kwenye seva ya zamani, kutafuta faili ambazo yeyote anaweza kuziandika. Zikatoka faili nne. Tatu za watu waliokwishaondoka. Ya nne akaisoma kwa sauti, jina la mwenye faili na yote, akanitazama.