Sili mpya, uji uleule

SWALI: Fundi, salamu kutoka Moroto. Land Cruiser yangu ya ekseli nzima mbele inatoa uji mweusi nyuma ya gurudumu la kushoto. Nilibadilisha sili ya ndani (mpira unaozuia oili), lakini miezi miwili haikupita uji ukarudi. Nataka kurudia mwenyewe nyumbani, pamoja na bushi za mbele. Nianzie wapi? – Msomaji, Moroto

JIBU: Ndugu, anzia kwenye kilichoiua sili ya kwanza. Uji huo ni oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) iliyopita sili na kuyeyusha grisi ya jointi. Usiuchelewe, maana ukifika kwenye padi, breki zitavuta upande mmoja.

Tazama kwanza pumulio, ile kofia ndogo juu ya ekseli. Vumbi na tope huliziba. Difu ikipata moto, hewa hutanuka, ikikosa njia husukuma oili kwenye sili. Lifungue, lioshe kwa dizeli, lipulize mpaka hewa ipite.

Kisha weka ekseli juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi), shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza ilhali beringi za haba (kitovu cha gurudumu) zimekazwa vizuri, zilizokwisha ni beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona), mbili kila upande. Hapo shafti, chuma kinachotoka difu kuzungusha gurudumu, haikai katikati, sili inalika upande mmoja. Shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za juu na za chini usizichanganye: zifunge mbalimbali kwa waya.

Mwaga oili ya difu, lakini legeza kwanza plagi ya kujazia. Ikigoma baada ya kumwaga, umekwama.

Shafti ikitoka, pitisha ukucha mahali sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili yoyote itavuja. Tafuta shafti isiyolika, zipo Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Sili mpya iingie upande wa springi ukitazama difu, mdomo umepakwa grisi. Isukume kwa bomba lenye upana wake, isiingie mshazari. Wengi huharibu hapa: shafti inarudishwa ikiburuzwa, meno yake yanachana mdomo wa mpira. Ibebe kwa mkono mpaka meno yashike difu.

Jaza kifundo (tufe lenye jointi mwishoni mwa ekseli) robo tatu kwa grisi ya moli (yenye molibdeni), na difu oili ya gia ya daraja GL-5, unene 80W-90, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa chini.

Bolti za bushi zikaze mwisho, gari likisimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema.