Mheshimiwa aliyekwambia anakuelewa: mwombe nini, mwombe vipi

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia wiki iliyopita. "Anti, mheshimiwa wetu tulimzungukia nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni. Alituambia anatuelewa. Leo hata simu hapokei." Uchungu wake naujua, maana wangu haujanitoka hadi leo.

Mimi ni mwelimishaji rika wa masuala ya UKIMWI hapa Unguja, na wengi ninaowahudumia ni vijana wanaopenda watu wa jinsia yao. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria iliyowaingiza na wanawake kwenye kosa la mapenzi ya jinsia moja, ambalo zamani lilikuwa la wanaume. Septemba 2017 polisi waliwakamata watu 20, wanawake 12 na wanaume 8, hotelini hapa hapa Zanzibar, wakiwa kwenye mafunzo ya UKIMWI. Baada ya hapo vijana wangu wakaacha kuja kuchukua dawa. Wengine walizima simu kabisa.

Nikaenda kwa mheshimiwa wetu. Jina lake silitaji. Alinikaribisha kahawa na halua, akainuka akaongeza sauti ya televisheni ili msichana wa jikoni asisikie, ndipo akasema: "Mwanangu, mimi niko na nyinyi, lakini subira yavuta heri. Wakati bado." Maneno yale yale niliyasikia tena baada ya uchaguzi uliofuata, televisheni ikinguruma vile vile.

Msidhani ni huku kwetu tu. Marekani, Bill Clinton, rais ambaye wapenzi wa jinsia moja walimuamini, ndiye aliyesaini mwaka 1993 sheria ya kuwataka wenzao walioko jeshini wafiche mapenzi yao, la sivyo wafukuzwe. Barack Obama alipogombea mwaka 2008 aliahidi kuiondoa. Machi 2010 bado ipo, na luteni Dan Choi akajifunga pingu kwenye uzio wa Ikulu ya Washington. Wakampigia kelele Obama, rafiki yao wenyewe, na Desemba mwaka huo akasaini kuifuta. Ndoa ya jinsia moja kaja kuiunga mkono hadharani Mei 2012. Sisi hatuna nafasi ya kelele hizo. Atakayejifunga pingu Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, atapoteza kazi, nyumba na jamaa zake kwa siku moja.

Kwa hiyo nilibadilisha ombi. Habari za sheria nikaziacha. Nilimwomba apige simu moja kwa mkuu wa kituo cha afya: wauguzi wasimuulize mtu analala na nani mbele ya foleni, na dawa zitolewe hata baada ya magharibi. Safari hiyo nilikwenda na mama wa kijana mmoja. Mama yule alilia, hakusema mengi. Mheshimiwa alitazama chini, kisha akachukua simu na kupiga hapo hapo tukiwa tumekaa. Vijana wakarudi, si wote, lakini walirudi. Naionea fahari simu ile kuliko vyeti vyote nilivyopewa kwenye semina.

Basi wewe wa Wete, na wenzako, msiende na ombi la "tutetee". Ombeni kitu anachoweza kukifanya kabla kahawa haijapoa, kisha rudini muombe kingine. Dogo, halafu dogo jengine. Msiende peke yenu, nendeni na mzazi. Na kura zenu msimpe mtu kwa sababu alikunong'onezeni gizani! Mimi ni Muislamu, naswali, na nasema: anayewakumbatia vijana hawa wakati wa kampeni kisha akawakana wanapougua, atakuja kuulizwa na Mola wake kwa kila aliyezikwa kwa kukosa dawa. Ahadi ni deni, na hili ni deni la roho za watu. Tusione haya kudai.

Kabla hujamwendea, futa majina ya wenzako kwenye simu yako, na kile kikundi cha WhatsApp nacho kifute. Akikubali kukuona, niandikie kwanza. Kuna mama mmoja Chake Chake nitamuomba akusindikize.