Sayansi ndani ya muziki wa usingizi
Umeuliza kama mtunzi akisema amefanya kazi na wanasayansi ni kweli au ni kujitangaza tu. Kwa mtunzi Max Richter ni kweli. Alipotunga kazi yake Sleep (yaani Usingizi), iliyotoka 2015, alishauriana na mwanasayansi wa ubongo, David Eagleman, kuhusu yanayotokea kichwani mtu akilala. Kazi nzima inazidi saa 8: piano, fidla na selo, sauti ya mwanamke isiyo na maneno, na sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) chini yake. Sikiliza besi hasa. Inavuma taratibu, haikushtui, kama pumzi ya mtu aliyelala kando yako. Onyesho lake hupigwa usiku kucha, wasikilizaji wakiwa vitandani. Hapo ndipo ninapompenda: amekutungia muziki akijua utasinzia, na ameridhia.