Pointi chache au pointi nyingi? Jibu kwa binti anayeingia kidato cha tano

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne na nimepata divisheni II ya pointi 20. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia C, Hisabati D. Nimepangwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwenye shule ya bweni mkoa mwingine, na ndoto yangu ni udaktari. Kaka yangu anasema Fizikia ya advansi, yaani ya kidato cha tano na sita, itaniangusha, nihamie CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) mapema. Tena ananiambia nitafute pointi chache, wakati jirani yetu aliyeko chuo anasema vyuo vinataka pointi nyingi. Nimsikilize nani? Na niende shuleni na vitu gani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Nianze na hizo pointi, maana nimeona wanafunzi wanafika kidato cha sita hawajazielewa, wengine wanakuja kuzielewa siku ya kuomba chuo.

Kaka yako anazungumzia mzani wa Baraza la Mitihani, NECTA. Kwenye mtihani wa kidato cha sita A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Wanajumlisha masomo matatu ya tahasusi yako, yaani mchepuo uliopangwa, basi. Ukipata jumla ya 3 mpaka 9 ni divisheni I, 10 mpaka 12 ni II, 13 mpaka 17 ni III, 18 na 19 ni IV, na 20 au 21 ni sifuri. Hapo kweli pointi chache ndiyo raha.

Jirani yako naye anazungumzia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambao wameugeuza mzani: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini kabisa cha kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na zitoke kwenye masomo mawili ambayo kozi yenyewe inayataka. Prinsipo ni A mpaka E. S siyo prinsipo, hata kama nyumbani watakupongeza.

Sasa chukua kalamu. Mwanafunzi wa kwanza ana D, E na E. Kwa NECTA ni 4+5+5, yaani 14, divisheni III. Wa pili ana C, E na F: 3+5+7, yaani 15. Ukibandika matokeo ukutani, wa kwanza yuko juu, na hana F hata moja. Lakini nenda TCU uone. Wa kwanza, masomo yake mawili bora ni D na E, 2+1, pointi 3. Hafiki. Wa pili ana C na E, 3+1, pointi 4. Huyo anaruhusiwa kuomba, ilimradi hayo masomo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi. Mimi mwenyewe nilishamkalisha mzazi ofisini kumweleza hesabu hii, akadhani namtania.

Usije ukasema basi nitaacha somo moja nikazane na mawili. Kwa kozi nyingine hesabu hiyo inaweza kumwokoa mtu. Kwa udaktari wa binadamu haikuokoi, kwa sababu kozi hiyo inataka prinsipo tatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja na kiwango chake cha chini kinachoandikwa kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka husika. Kwa hiyo ukihamia CBG leo, mlango huo umeufunga kwa mkono wako. CBG siyo tahasusi ya walioshindwa. Inampeleka mtu kwenye kilimo, misitu, mazingira, ualimu na mengineyo, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro wanaijua vizuri. Ila wewe hukuniambia unataka misitu.

Hukuniandikia pia Jiografia umepata nini, na hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa ukiomba kuhama. Dirisha la kubadilisha tahasusi kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha nne, kabla ya wanafunzi kupangiwa shule. Ukishapangwa, unaomba kwa mkuu wa shule baada ya kuripoti, naye ataangalia kama tahasusi hiyo ipo pale, kama kuna nafasi, na kama matokeo yako yanaruhusu. Ukiamua hivyo, fanya ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo. Anayehama mwezi wa kumi anakuta wenzake wameshatembea, na mwalimu hatarudi nyuma kwa ajili yake. Na kabla ya yote, ripoti shuleni ndani ya muda uliotajwa, maana nafasi isiyo na mtu hupewa mwingine.

Sasa nikwambie kinachonitia wasiwasi kwenye matokeo yako. Siyo ile C ya Fizikia, ni ile D ya Hisabati.

Fizikia ya advansi huwaangusha watu kwa sababu ya hesabu zilizomo ndani yake. Wiki za mwanzo utakutana na mada ya vipimo, makosa ya vipimo na uchambuzi wa vizio, na hapo hapo mwalimu atatumia logi na utofautishaji (differentiation) kana kwamba ulizaliwa navyo. Utofautishaji hukuusoma kidato cha nne. Kwa kawaida mwanafunzi wa PCB huupata kwenye Hisabati Tumizi ya Msingi, ile ambayo kila mtu huiita BAM, lakini ratiba ya BAM haimsubiri mwalimu wa Fizikia. Na kwa kuwa BAM haiingii kwenye kutafuta divisheni, bweni zima litakuambia ni somo la kupumzikia. Usiwasikilize. Kwa mtu mwenye D ya Hisabati, BAM ndiyo Fizikia yako. Wiki hizi ulizo nyumbani rudia vipeo, logi, trigonometria na kubadilisha kanuni, yaani kumtoa herufi mmoja abaki peke yake upande wa kushoto. Hicho cha mwisho kinadharauliwa, na ndicho kinachokula maksi.

Kwa upande wangu, mimi ni mwalimu wa Kemia. Kila mwaka siku ya kwanza naandika ubaoni swali la kidato cha tatu: gramu 5.3 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji zimeyeyushwa mpaka kufika sentimita za ujazo 500, tafuta molariti. Darasa linanyamaza. Wengine wana B. Jibu ni mistari miwili: 5.3 gawanya kwa 106 ni moli 0.05, gawanya kwa 0.5 ni 0.1 M. Ukilifanya bila kufungua daftari, njoo na amani. Likikushinda, hesabu za moli ndizo za kuanza nazo, kwa sababu mtihani wa vitendo wa bureti na pipeti umesimama juu yake. Karatasi ya 3 ya Kemia, Fizikia na Baiolojia ni ya maabara, na haipatikani kwa kukariri usiku mmoja.

Muda pia wanaukosea. Mnaambiwa miaka miwili. Unaanza Julai na mtihani wa taifa unaanza Mei ya mwaka wa pili baada ya huo: kwenye kalenda ni miezi 22. Toa likizo, toa mock, toa siku za kilimo na usafi. Wanaofanya vizuri kwangu karibu wote walishika kasi kabla ya likizo ya kwanza ya Desemba.

Ushauri wa wakubwa usikilize, lakini uliza walimaliza lini. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65, na mitaala nayo inabadilika, hivyo madaftari ya kaka yako yatakufaa kwa mada, siyo kwa orodha ya masomo ya lazima. Hiyo iulizie shuleni.

Vitu vya kubeba vimeandikwa kwenye fomu ya kujiunga ya shule yako. Ifuate hiyo, usifuate ya rafiki, kwa sababu shule moja inataka jembe na nyingine fyekeo. Godoro, shuka, ndoo, tranka yenye kufuli, sare, rimu ya karatasi na fomu ya daktari karibu kila shule inazitaja. Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, lakini fomu inaweza kuwa na michango, mzazi aisome mpaka ukurasa wa mwisho. Simu iache nyumbani. Watakuita njuka, yaani mgeni wa shule, kufika Desemba watakuwa wamechoka.

Kuna kitu kimoja nakuomba usikiazime: kikokotoo. Nunua cha kisayansi kisichoprogramika, na uandike jina lako mgongoni kwa rangi ya kucha. Kalamu ya wino inafutika, na prepo ya usiku vikokotoo vyote vinafanana.